Gunia la Uzi Mwekundu

Gunia lile nililijua kwa uzi wake. Kazi yangu ni ushonaji, na Jumamosi ya kwanza tulipotoka kuokota taka pwani ya Amu, yaani mji wetu wa Lamu, mwaka 2016, wenzangu walinipa zamu ya kufunga midomo ya magunia kwa sababu sindano ya magunia nilikuwa nayo. Uzi uliokuwapo nyumbani ulikuwa mwekundu, mabaki ya mito ya harusi ya mpwa wangu. Tulijaza magunia 42. Tukayapanga Mkunguni mbele ya ngome, tukapigwa picha, wazee waliokuwa kwenye bao wakatuombea dua, kisha punda wakayabeba kuyapeleka jaani nyuma ya mji. Nilirudi nyumbani mgongo unauma na moyo mweupe.

Wiki tatu baadaye, mvua za masika zikiwa zimepiga siku nne mfululizo na maji yakiwa ya bamvua, yamejaa kupita kawaida, nilipanda mashua kwenda Matondoni kumjulia hali shangazi yangu. Karibu na mlango wa kijito kimoja nahodha alipunguza mwendo, akanyoosha kidole kwenye mizizi ya mikoko.

"Dada, lile si lenu?"

Gunia lilikuwa limekwama, ubavu umepasuka, mdomo ungali umefungwa. Uzi mwekundu. Kila wimbi lilipolisukuma lilitema chupa moja au mbili, nazo zikaelea kuelekea tulikotoka. Nahodha hakunicheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Sikusema neno mpaka tukafika Matondoni.

Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu, mbele ya watoto wa madrasa waliokuja kutusaidia, kwamba taka tumeziondoa. Kumbe tulizihamisha tu, kutoka pale zilipotukera hadi pale tusipozitazama. Tulizoea kusema "nyuma ya mji". Kisiwa hakina nyuma. Ukienda upande wowote, mwisho wako ni maji, na maji yale yale ndiyo anayovua jirani yako. Tangu siku hiyo nina swali moja ninalokwenda nalo kila mkutano, hata wenzangu wengine wamechoka kulisikia: hiki kikitoka hapa, kinakwenda wapi? Na kikifika huko, baada ya hapo wapi?

Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu wapatao 60. Nilipowaita barazani kuwaeleza habari ya gunia, walikuja 19. Wapo waliokasirika, na sikuwalaumu. Kijana mmoja aliuliza tulivunja migongo kwa faida ya nani. Mwengine akasema kazi ya kuzoa taka ina wanaolipwa kuifanya, na sisi tukijitia kuifanya bure tunawapa nafasi ya kulala. Hoja yake ilikuwa na uzito, na mpaka leo hatujaimaliza. Jibu tulilolipata usiku ule lilikuwa dogo: kabla ya kuokota tena, tulifuate gunia moja mpaka mwisho wake. Tujue njia yake, au ndia yake, kama tusemavyo sisi Waamu.

Nilianza kwa kufuatana na mwenye punda. Ni mtu mzima, hupakia mchanga na mawe ya matumbawe kwa mafundi wa nyumba, na siku za taka huondoa shogi la mchanga na kutandika magunia. Tulipanda naye vichochoro vya Mkomani asubuhi mapema, mimi nyuma, punda watatu mbele. Nilimuuliza kama anapendezwa na kazi yetu. Alinyamaza kidogo, akasema mwaka uliopita alizika punda wawili. Mmoja alivimba tumbo, akagaagaa, akagoma kula, na alipokufa walimpasua wakakuta donge la mifuko ya nailoni na vipande vya kamba, limeshikana kama mpira. "Mimi nabeba taka kwa shilingi chache," akasema, "na taka zile zile zanila mali yangu."

Asiyekaa Amu huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Huku magari ni ya kuhesabu kwa vidole na vichochoro vingine hata baiskeli hupita kwa taabu. Punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye mkokoteni wa saruji na maji. Kliniki ya punda iliyoko mjini, iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza mwaka 1987, haikosi wagonjwa. Mwenye punda alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: punda hapendi nailoni. Anafuata chumvi na makombo yaliyomo ndani yake. Mama akifunga maganda ya ndizi na wali uliobaki katika mfuko, mfuko ndio sahani, na punda hajui kufungua fundo.

Basi jambo letu la kwanza lenye maana halikufanyika pwani. Lilifanyika jikoni. Tulipita nyumba kwa nyumba, wanawake kwa wanawake, kuomba kitu kimoja: makombo yawekwe mbali na vitu vikavu. Ndoo ya makombo, gunia la vikavu. Makombo yanachukuliwa na wenye mbuzi na punda, tena kwa kugombania. Hatukutoa hotuba juu ya mazingira. Tulisema, "Punda wa fulani alikufa kwa sababu ya fundo," na kila nyumba ilimjua fulani. Mwezi wa kwanza nyumba 11 zilikubali katika mtaa wetu. Baada ya mwaka zilikuwa zaidi ya 90, na nyumba nyingi katika hizo hatukuzifikia sisi. Walikwenda wenye punda wenyewe.

Halafu tukapima. Hapa ndipo nilipojifunza hesabu ambayo shuleni sikuipata. Gunia la chupa tupu za maji, lililojaa mpaka mdomo, mizani ya muuza viazi ilionyesha halifiki kilo 3. Mnunuzi ananunua kwa kilo. Mashua ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, inatoza kwa nafasi. Lori la kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 300, nalo linatoza kwa nafasi. Yaani tulikuwa tunasafirisha hewa. Magunia 42 tuliyojivunia hayakuweza kulipa hata nusu ya nauli ya kuyafikisha Mombasa. Nilikaa na kalamu usiku mzima nikitafuta kosa katika hesabu, nisilione.

Dawa ilikuwa miguu. Watoto walifungua vifuniko, wakazikanyaga chupa mpaka zikawa bapa, wakafunga vifuniko tena zisivute hewa. Gunia lile lile likachukua karibu mara tatu. Vifuniko vilivyozidi na makopo magumu ya mafuta na sabuni tukaviweka mbali, kwa kuwa plastiki yake ni ya namna nyengine na bei yake ni afadhali. Nimeona wageni wengi wakija na mawazo makubwa juu ya taka za visiwa vyetu, na mengine ni mazuri, lakini sijaona hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza nauli ya mashua. Anayetaka kuanzisha kikundi katika kisiwa chochote, Pate, Ndau au kwengine, namwambia aanze hapo. Amuulize nahodha kabla ya kununua glavu.

Agosti 28, 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kukiwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mjini kwetu watu waliogopa, na kwa muda wauzaji samaki hawakujua wafungie nini. Bibi mmoja wa Langoni aliwasikiliza wakilalamika, akauliza, "Kwani utungo umekufa?" Wakati wa usichana wake samaki walitungwa kwa ukambaa kupitia matamvua, mtu akarudi nyumbani na utungo wake mkononi. Nyama iliwekwa kwenye kikapu cha ukindu kilichokuja na mnunuzi. Tulimwomba bibi akae sokoni asubuhi tatu. Alikaa. Vijana walijifunza kutunga samaki, na akina mama wa Matondoni wanaosuka wakauza vikapu kuliko walivyozoea. Marufuku ile imesaidia kweli, nami naiunga mkono: michongoma na miiba nyuma ya mji iliyokuwa ikipepea nailoni za kila rangi sasa ni miiba tu. Vifungashio vidogo vya peremende, viungo na sabuni vingalipo, na hivyo havina mnunuzi.

Kuna neno lililotusumbua sana miaka ile: "Taka hizi si zetu." Lilisemwa zaidi upande wa kijiji cha Shela. Wakati wa kusi, ufuo ule mrefu unaoelekea bahari kuu hupokea vitu vya ajabu, chupa zenye maandishi nisiyojua hata pa kuanzia kuyasoma, maboya, kandambili za mguu mmoja mmoja, nyavu zilizokatika. Mvuvi akisema hizi zimetoka ng'ambo, anasema kweli. Tulikubaliana kuhesabu. Tuligawa pwani vipande viwili, kipande cha ufuo wa Shela na kipande cha mkondo wa mjini unaotazama Manda, tukaokota siku moja, tukamwaga chini, tukasoma chupa moja moja. Shela nyingi zilikuwa za mbali. Mkondoni karibu zote zilikuwa za maduka yetu, bidhaa tunazonunua kila siku. Watoto ndio waliosoma, kwa sauti, jina la kila bidhaa, na wenye maduka wawili walikuwapo wakisikia. Hakuna aliyeaibishwa. Ila neno "si zetu" lilipungua mjini, na watu wa Shela wakaacha kusingiziwa uvivu kwa taka ambazo bahari inawaletea kila pepo za kusi zikianza.

Mwaka 2018 Amu iliona jambo lililotupa moyo. Mafundi wa hapa hapa, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, na kulivika kandambili takriban 30,000 za rangi zote. Wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini Septemba mwaka ule, na mapema 2019 likasafiri kilomita kama 500 mpaka Unguja. Nililiona likikunja tanga mbele ya forodha, nikalia, nami si mtu wa kulia hadharani. Babu yangu alikuwa fundi wa mashua. Nilijua kazi iliyomo katika kupinda ubao wa mti, na hapa watu walikuwa wamefanya kazi ile ile kwa kitu ambacho sisi tulikuwa tukikiona uchafu. Sasa plastiki ina pa kwenda hapa hapa Amu, kugeuzwa mbao na samani, na kwetu sisi wa magunia hilo lilifupisha safari kwa kilomita 300. Swali langu lilipata jibu moja la kutosheleza. Moja tu, lakini nililisubiri sana.

Sasa nieleze habari ya mikoko, ambayo ndiyo iliyonifunza zaidi na kunigharimu zaidi.

Baada ya kuona gunia lile mizizini, niliwashawishi wenzangu tupande mikoko. Shirika moja lilitupa nauli na fulana. Watu waliongezeka mara moja wakawa zaidi ya 70, na siku fulana zilipokwisha tukawa tena 20. Tulikusanya mbegu zile ndefu za mkoko, tukachagua tope tupu lililo wazi, karibu na maji, kwa sababu lilikuwa jepesi kufikika na picha zilitoka vizuri. Tulichomeka miche 1,800 kwa mistari iliyonyooka. Mwaka uliofuata tulihesabu 63.

Mingine ilikokotwa na mawimbi. Mingine ilishikwa na vile vidude vigumu vyenye magamba vinavyonata kwenye mawe na chini ya mashua, ikalemewa ikalala. Mingine ilikauka tu. Nilimwendea mzee mmoja mkata boriti, mtu aliyeingia mikokoni tangu akiwa na miaka 12, nikamwomba aje aone. Hakuwa amealikwa siku ya kupanda. Hakuna mkata boriti hata mmoja aliyealikwa, maana katika mawazo yetu wao walikuwa ndio maadui.

Alisimama topeni muda mrefu akitazama maji yakipwa. Kisha akaniambia, "Ndoo utazame. Mai yana ndia yake." Yaani njoo utazame, maji yana njia yake. Akanionyesha. Mlilana ndio unaotangulia mbele ya bahari, unaovumilia wimbi. Mkoko hukaa nyuma yake, penye vijito. Mkandaa hutaka juu zaidi, pale maji yanapofika kwa bamvua. Mchu utaukuta karibu na nchi kavu, na mara nyengine hata mbele. Sisi tulichukua mti wa nyuma tukauweka mbele ya mbele, mahali ambapo, alisema, hajawahi kuona mti wowote ukisimama maisha yake yote. "Mngeniuliza," akasema, "ningewaambia bure."

Alinionyesha na jambo jengine. Katika upenyo mmoja ndani ya msitu, palipokatwa zamani, miche midogo ilikuwa imejiotea yenyewe, mamia, bila mkono wa mtu. Hatua chache pembeni palikuwa na kiraka kilichokufa. Alipiga magoti akafunua tope, chini yake kulikuwa na tandiko la nailoni na magunia yaliyooza nusu. Mizizi ya mchu huchomoza juu kama vidole ili mti uvute pumzi, na vidole vile vilikuwa vimefunikwa. Bahari inaleta mbegu yenyewe, alisema. Kazi yetu ni kuufungulia mti pumzi. Tukaacha kupanda pale pasipohitajika. Tukawa tunaingia msituni maji yakiwa yamepwa, tukivuta plastiki topeni kwa mikono, kazi chafu isiyo na picha nzuri. Viraka viwili kati ya vile tulivyosafisha sasa vina miti inayonizidi urefu.

Naandika hivi kwa utulivu, lakini kati ya mambo hayo kuna kipindi ninachokionea haya. Februari 2018 ukataji wa miti ulisimamishwa katika misitu ya umma nchi nzima, na mikoko ya Lamu ikaingia humo. Vijana wetu walishangilia. Mimi pia nilishangilia. Nilituma ujumbe kwa kila mtu ninayemjua. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nami niliona kama tumepewa zawadi.

Mzee hakunipigia simu. Nilimkuta baada ya miezi miwili, mashua yake imevutwa juu, imekauka, mbao zimeachana. Mkewe alikuwa ameanza kuuza sabuni kwa vipimo. Familia nyingi za visiwani ziliishi kwa boriti na hazikuwa na kazi nyengine. Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu nyumba niliyolala usiku ule imeezekwa kwa kitu gani. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe, na dari yake yote ni boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba, upana usiofika mita 3, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Mji mzima uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 umelala juu ya mabega ya watu kama yeye, na sisi tulikuwa tunaulinda mji huku tukifurahia njaa ya watu hao.

Wapo wakataji wanaomaliza msitu, sikatai, wanaoingia na kukata kila kilicho mbele yao. Lakini mzee huyu alikata kwa kuchagua, akiacha mti mama wa kuangusha mbegu, na alijua kila kijito kimekatwa mwaka gani. Tungekuwa na akili tungemkalisha mbele ya mkutano tangu siku ya kwanza. Nilimwomba radhi mbele ya wanakikundi. Tulipeleka barua kwa wahusika tukiomba wakataji wenye leseni wasikilizwe, na majina yao tuliyatanguliza kabla ya yetu. Sijui barua hiyo ilikuwa na uzito gani. Najua kwamba tangu hapo mzee amekuwa akiongoza kila safari yetu ya msituni, na hakuna anayeingia bila yeye kuangalia maji kwanza.

Nadhani ni kwa sababu ya mambo hayo kwamba suala la makaa ya mawe halikutukuta tumelala. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha umeme cha megawati 1,050 Kwasasi, upande wa bara. Waliopigana na mpango huo hasa walikuwa Save Lamu, muungano wa vikundi vya wananchi wa hapa, na wanasheria, na sifa ni yao. Sisi tulikwenda mikutanoni tu, tukakaa nyuma. Lakini nakumbuka mkutano mmoja, mama mmoja wa kikundi chetu, mwuza mahamri, aliyesimama akauliza: makaa yakishachomwa, jivu linakwenda wapi? Na mvua ikinyesha juu ya jivu hilo, maji yanakwenda wapi? Alirudia mara mbili. Nilijua alikotoa swali. Juni 26, 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mradi, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mji ulitoka barabarani, watu wakakumbatiana pwani.

Wakati wa Maulidi, wageni wakijaa mpaka vibarazani, tunaweka mitungi ya maji na kata za vifuu katika njia ziendazo msikiti wa Riyadha. Wazo ni la maalim mmoja. Mwaka wa kwanza tuliogopa wageni watakataa. Hawakukataa, na baadhi walisema maji ya mtungi yana harufu ya utoto wao.

Maji yenyewe nayo ni hadithi. Tunayokunywa Amu yanatoka chini ya mafungu ya mchanga ya Shela, mvua ikinywea mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi. Kila ndoo ya mchanga unaochotwa pale na kila kitu kinachozikwa pale kina ndia yake mpaka kwenye birika. Hili watoto hulielewa upesi kuliko wakubwa. Tunawapeleka, tunamwaga kikombe cha maji mchangani, tunawaacha wakae kimya watazame yanavyopotea. Hatuwaambii kitu. Huanza wenyewe kuuliza yamekwenda wapi.

Sasa tumebaki 24 wa kudumu, 17 wakiwa wanawake. Kila mtaa una uzi wake: sisi mwekundu, Langoni kijani, Shela manjano. Gunia likikutwa mahali pasipo pake, hakuna ubishi limetoka wapi, tunalifuata kurudi mpaka tujue limeanguka katika mkono gani. Nahodha yule wa Matondoni ndiye anayevusha kwenda Mokowe mizigo yetu ile ambayo bado haina mnunuzi hapa, na hutoza nusu. Amekataa kutueleza kwa nini.

Kitu kimoja kimetushinda mpaka sasa: nepi za kutupa. Hazinunuliwi na mtu, haziozi, zikilowa ni nzito kama mawe, na punda huzirarua. Katika kila magunia kumi tunayomwaga kuchambua, matatu ni nepi. Nikaona hapa ndipo mshonaji anapofaa. Mwezi uliopita nilikata vitambaa 20, nikashona winda kama alizotufunga bibi, nikaongeza vifungo na tabaka la ndani linalovuta maji. Nikawaalika mama wadogo barazani kwangu. Walikuja sita na watoto wao. Walizishika, wakazipenda, wakauliza bei. Kisha mmoja wao, msichana wa miaka kama 20, mtoto amelala begani, akaniambia, "Shangazi, winda ni nzuri. Lakini wewe hutufunza kuuliza. Hizi zitafuliwa kila siku, na sabuni. Hayo maji ya kufulia yatakwenda wapi?"

Niliweka sindano chini. Mbele ya baraza yangu hupita mfereji wa maji machafu, uliojengwa zamani, nami nimeuruka kila siku tangu nikiwa mtoto. Nilitazama unavyoteremka kuelekea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikatambua kwamba sijawahi kuufuata. Tulisimama wote saba, yeye akamfunika mtoto kwa ncha ya leso, tukaanza kuteremka nao.